Sura ya Nne: Mashahidi Wawili wa Alyscamps

Nje kidogo ya mji wa Arles, upande wa kusini wa Ufaransa, ambako mto Rhône hugawanyika mikono miwili kabla ya kufika baharini, iko njia moja ya kale iliyonyooka, yenye majeneza ya mawe yaliyopangwa kushoto na kulia kama mabaraza ya nyumba zilizohamwa, na miti mirefu imesimama nyuma yake. Na mwisho wa njia hiyo, mtu akienda polepole kama inavyompasa apitaye baina ya makaburi, hulikuta kanisa la Mtakatifu Honorat, ambalo mnara wake wenye madirisha ya tao huonekana kutoka mbali juu ya majani. Jina la mahali hapo ni Alyscamps, na katika lugha ya watu wa Provence neno hilo lina maana ile ile ya jina la barabara kuu ya Paris, Champs-Élysées: ni mbuga za raha ambazo watu wa kale wa Rumi na Uyunani waliitakidi kwamba roho za wateule hupumzika humo.

Warumi ndio waliotangulia kuzika hapo, kwa kuwa sheria yao haikuruhusu maiti kuzikwa ndani ya mji. Wakristo wakafuata, kila mmoja akitamani kulazwa karibu na kaburi la Genesius, mtu wa Arles aliyeuawa kwa ajili ya dini yake. Na sifa ya makaburi hayo ikaenea hata ikasimuliwa kwamba watu wa miji ya juu ya mto walikuwa wakiwatia maiti zao katika majeneza na kuyaachilia maji yayachukue, pamoja na ujira wa wazikaji, mpaka yakafika Arles na kuopolewa. Dante aliyataja makaburi hayo katika utenzi wake wa safari ya Jehanamu. Lakini heshima ya wafu haikuizuia karne ya 19 kufanya ilivyopenda, kwani reli ilipofika ilichukua sehemu kubwa ya uwanja huo, karakana za garimoshi zikajengwa ubavuni, majeneza yaliyochongwa kwa ufundi zaidi yalikuwa yamekwisha kutolewa hidaya kwa wageni wakubwa au yakapelekwa katika majumba ya makumbusho, na kilichosalia kikawa ni njia moja tu, yenye mipopla, mfereji wa maji upande mmoja, na majeneza yasiyo na nakshi ambayo hakuna aliyeyataka. Kwa kuwa palikuwa pametulia na pana kivuli, vijana wa Arles walipafanya mahali pa kutembea jioni na wapenzi wao.

Katika siku za mwisho za mwezi wa Oktoba, mwaka 1888, wanaume wawili walifika katika njia hiyo wamebeba viunzi vya kuchoria, masanduku ya rangi na vitambaa vilivyowambwa tayari. Mmoja alikuwa Vincent van Gogh, Mholanzi wa miaka 35, na wa pili alikuwa Paul Gauguin, Mfaransa wa miaka 40, ambaye alikuwa ameingia mjini siku chache tu kabla ya hapo, tarehe 23 ya mwezi huo. Walikuwa wakikaa nyumba moja, nyumba ndogo ya rangi ya manjano katika uwanja wa Lamartine, wakila meza moja na kutumia mfuko mmoja. Wakatoka pamoja kwenda mahali pamoja, chini ya jua moja na upepo mmoja, katika juma lile lile ambalo mipopla ilikuwa ikimwaga majani yake. Laiti ingekuwa kwamba mandhari ndiyo iizaayo picha, basi picha walizorudi nazo nyumbani zingalifanana kama watoto wa tumbo moja. Walakini mtu asiyeambiwa, akionyeshwa picha hizo bila majina, haelekei kudhani kwamba zimetoka katika njia moja, sembuse katika juma moja.

Yafaa kwanza tujue macho hayo mawili yalitoka wapi. Vincent alikuwa mwana wa kasisi, aliyezaliwa katika kijiji cha Zundert, Uholanzi, mwaka 1853. Alikuwa karani katika duka la picha, akawa mwalimu, kisha akawa mhubiri miongoni mwa wachimbaji wa makaa ya mawe wa Borinage, Ubelgiji, ambako aligawa nguo zake na kulala chini hata wakubwa wake wa dini wakaona amepita kiasi wakamwondoa. Na ndipo, akikaribia umri wa miaka 30, alipoishika kalamu ya kuchorea kwa moyo wake wote. Kazi ya uhubiri ilimtoka, lakini tabia ya mhubiri haikumtoka. Kila alichokiona mbele yake, kiatu kilichochakaa, kiti cha majani, mkulima apandaye mbegu, alikiona kama kitu kilichotumwa kwake na chenye haki ya kusikilizwa, na kwa hiyo ilimwia vigumu kukiacha nje ya picha kitu chochote kilichokuwapo.

Gauguin alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Alizaliwa Paris mwaka 1848, akachukuliwa angali mtoto mchanga hadi Lima, Peru, kwa jamaa za mama yake, akakua kwa miaka ya mwanzo katika nchi ya jua na rangi. Alipokuwa kijana akawa baharia, kisha akawa mtu wa soko la hisa, mwenye mke na watoto na kipato kizuri, mpaka mwaka 1882 soko hilo lilipoanguka, naye mwaka uliofuata akaamua kuwa mchoraji tu wala asiwe kitu kingine. Alikuwa amekwenda Martinique mwaka 1887, na kabla ya kuja Arles alikuwa Pont-Aven, katika nchi ya Bretagne, ambako kiangazi kile kile alichora picha ya wanawake waliotoka kusikiliza hotuba ya kanisani, nao wakaona kwa macho ya moyo Yakobo akimenyana na malaika juu ya uwanja ulio mwekundu wote. Hakuna uwanja mwekundu wa namna hiyo katika Bretagne, naye alijua hivyo. Mwezi wa Agosti alimwandikia rafiki yake Schuffenecker kumwonya asiinakili mno dunia aionayo, kwa kuwa sanaa ni dondoo ambayo mtu huitoa katika maumbile huku akiota mbele yake. Mtu aliyekwisha kuhama mara nyingi hivyo hafungwi na mahali. Huchukua kwa kila mahali kile kimfaacho, akaenda zake.

Aliyewaleta pamoja alikuwa Theo, ndugu yake Vincent, mfanyabiashara wa picha mjini Paris, ambaye alikubali kumpa Gauguin faranga 150 kila mwezi, naye alipe kwa picha moja ya mwezi huo. Vincent alimngoja mgeni wake kwa shauku ya bwana arusi, akampambia chumba chake kwa picha za alizeti, akanunua vitanda na viti, akawa na matumaini ya kuanzisha pale Arles jamaa ya wachoraji watakaoishi kama ndugu. Gauguin alikuja kwa hesabu za mtu mwenye madeni. Sitaki kumlaumu kwa hilo, maana umaskini wake ulikuwa wa kweli na watoto wake walikuwa mbali. Lakini nataja kwa sababu hali hiyo ya nyumbani iliingia hata katika njia ya Alyscamps, mmoja akienda kama mwenyeji amwonyeshaye rafiki mali yake, na mwingine akienda kama msafiri anayeutazama mji ambao haujampendeza bado.

Sasa na tuzitazame picha zenyewe. Vincent, katika picha zake mbili za kwanza, ambazo ni za kusimama wima, aliingia ndani ya njia akasimama katikati. Majeneza yamo, kushoto na kulia, yakifuatana mpaka yanapokuwa madogo kwa umbali. Mipopla imo, imewaka manjano na rangi ya chungwa. Kanisa limo mwisho wa njia. Watembezi wamo, wanaume na wanawake wa Arles waliokuja kupunga upepo. Na katika moja ya picha hizo, mtazamaji akipeleka jicho kushoto, kati ya mashina, ataona mabomba ya moshi ya karakana za reli. Hapo ndipo mimi husimama kila nikiitazama. Mchoraji mwingine yeyote wa zama zile, akiwa na mandhari ya makaburi ya Warumi na majani yanayoanguka na wapenzi wanaotembea, angaliyafuta mabomba yale bila kujiuliza mara mbili, kwa kuwa yaharibu huzuni tamu ya mahali pale. Lakini Vincent hakuyafuta, kwani yalikuwako, na watu waliofanya kazi chini yake walikuwa majirani zake. Kifo cha kale, mapenzi ya leo na kazi ya kesho yake asubuhi vyote vimepewa nafasi katika kipande kimoja cha kitambaa kisichofika urefu wa mita moja.

Gauguin hakuingia ndani ya njia. Alikaa pembeni, kwenye ukingo wa mfereji, akatazama kando, na picha aliyoitoa, ambayo leo imo katika jumba la Orsay mjini Paris, yampa mtazamaji maji yaliyotulia, ukingo wenye nyasi, miti ya samawati na ya dhahabu, kichaka chekundu upande wa kulia kinachowaka kama moto usio na moshi, watu watatu waliosimama kwa mbali wamevaa nguo za Kiarles, na juu ya vyote mnara wa Mtakatifu Honorat ukichungulia kutoka katika majani. Rangi imepakwa nyembamba, kwa viharusi vidogo vinavyofuatana upande mmoja kama nyuzi za mkeka, wala haikurundikwa popote. Ni picha tulivu na ya fahari. Lakini mtazamaji aliyekwisha kuijua Alyscamps aanza kutafuta kitu, atafuta kushoto, atafuta kulia, na hakioni: makaburi hayamo. Mtu amekwenda katika uwanja wa makaburi uliotajwa na Dante, akauchora, asitie hata kaburi moja! Na alipompelekea Theo picha hiyo aliipa kwa mzaha jina la Malaika Watatu wa Uzuri katika hekalu la Zuhura, na hivyo wale watembezi wakawa miungu wa kale na kanisa la Kikristo likawa nyumba ya mungu wa mapenzi.

Wako waliosema kwamba huo ni utovu wa adabu kwa mahali, na kwa muda mrefu nami nilidhani hivyo, nikiona kwamba Vincent ndiye shahidi mwaminifu na Gauguin ndiye mzushi. Siku moja niliziweka picha zao ubavu kwa ubavu, jinsi zilivyochapwa katika kitabu, nikazitazama mpaka mwanga wa alasiri ukapungua, na ndipo nilipoanza kutilia shaka hukumu yangu. Kwani Gauguin hakuzua kitu: mfereji upo, mnara upo, wanawake wa Arles wanasifiwa kwa uzuri hata leo, na wekundu wa kichaka, ingawa ameuzidisha, ni wekundu wa majira yale. Alichokifanya ni kuchagua, na katika kuchagua kwake kuna kauli juu ya mahali pale ambayo si ya uongo, yaani kwamba watu wa Arles wenyewe walikuwa wamekwisha kuyasahau makaburi. Waliyakalia, waliyapitia, walifanya ahadi za mapenzi juu yake, na jambo lililobaki likitawala mahali pale halikuwa mauti bali ni ujana. Gauguin alichora Alyscamps kama ilivyokuwa katika nia ya wale watembezi. Vincent aliichora kama ilivyokuwa katika udongo.

Baada ya hapo likatokea jambo ambalo katika historia ya sanaa husemwa kwa haraka, nami naliona kuwa la thamani kuliko yote. Gauguin alinunua kitambaa cha juti, mita 20 nzima, ili wachoraji hao wawili wagawane. Juti si kitu kigeni kwetu: ndiyo ishonwayo magunia, na kila mchukuzi wa bandarini anaijua ngozi yake begani, jinsi inavyokwaruza, jinsi nyuzi zake zilivyo nene na zilivyoachana hata kidole chaweza kuzihesabu. Kitambaa laini kinachouzwa kwa wachoraji huipokea rangi kama karatasi ipokeavyo wino. Gunia halipokei hivyo, bali huinywa rangi, huikwaruza brashi, na baada ya kazi kwisha huendelea kujionyesha katikati ya rangi kama mashina ya mpunga shambani. Kwa Gauguin, aliyependa uso mkavu wa picha za ukutani za zamani na kuchukia mng'aro wa mafuta, kitambaa hicho kilikuwa kama kimeumbwa kwa ajili yake. Kwa Vincent, aliyekuwa akipaka rangi nzito kama mwashi apakavyo chokaa, na kumwona mchoraji Monticelli wa Marseille kuwa mwalimu wake katika jambo hilo, kilikuwa ni mpinzani.

Naye Vincent akachukua gunia lile, akarudi Alyscamps mara ya pili, na safari hii hakusimama katikati ya njia. Yaonekana alipanda ukingo ulioinuka, akatazama chini kupitia katikati ya mashina, na akachora picha mbili za kulala ubavu ambazo hujulikana kwa jina la Kupukutika kwa Majani; moja yake imo katika jumba la Kröller-Müller, Uholanzi. Mbingu hakuna, au iliyopo haihesabiki. Mashina ya mipopla yamesimama mbele kama nguzo, ya rangi ya urujuani iliyochanganyika na buluu, nayo yamekatwa na ukingo wa juu wa picha kabla hayajafika kwenye matawi, kwa namna ambayo wachoraji wa Japani, ambao Vincent aliwapenda mno na kununua chapa zao kwa mamia, walikuwa wakifanya bila woga. Nyuma ya mashina yamepita majeneza, na baina ya majeneza yamelala majani, tabaka nene la manjano na rangi ya chungwa kama zulia, huku mengine yangali yakianguka. Katika picha moja wanapita wapenzi, weusi na wadogo; katika nyingine anapita mzee mmoja na mwanamke aliyenenepa hata amekuwa mviringo kama mpira, jambo ambalo Vincent mwenyewe alimwandikia ndugu yake kwa furaha.

Ufundi wa rangi uliomo hapo wastahili maneno machache. Vincent alikuwa amesoma katika vitabu, na kuona katika picha za Delacroix, kwamba ziko rangi ambazo kila moja huzidisha nguvu ya mwenziwe zikikaa jirani: urujuani kwa manjano, buluu kwa rangi ya chungwa, nyekundu kwa kijani. Shina la mpopla lililo mbele ya macho ya mtu wa kawaida ni la kijivu. Lakini jicho likitazama kwa muda mrefu uwanja wote uliofunikwa na majani ya manjano, kijivu kile huanza kuvutwa upande wa urujuani, na hayo si mawazo ya mshairi bali ni tabia ya jicho lenyewe. Vincent alilichukua lile ambalo jicho hulinong'ona akalisema kwa sauti kuu. Kwa hiyo hata pale anapoonekana ametia chumvi, chumvi yake ameitoa katika chakula kile kile.

Lakini mtu asiyeona mkono wa Gauguin katika picha hizo mbili hajazitazama vizuri. Kitambaa ni cha Gauguin. Ukingo ulioinuka, na kule kutazama kutoka nje ya njia, ni mahali pa Gauguin. Rangi zimetulia katika sehemu kubwa kubwa zenye mipaka, wala si vurugu ya viharusi, na hilo ndilo fundisho alilotoka nalo Gauguin huko Pont-Aven, ambako yeye na kijana Émile Bernard walikuwa wakizungushia rangi mistari kama mafundi wa vioo vya makanisani. Bali ndani ya mipaka hiyo ya Gauguin, Vincent ameyarudisha makaburi. Ameyarudisha yote, kila moja mahali pake. Yule rafiki yake alikuwa amemfundisha namna ya kuacha vitu nje, naye akaitumia elimu hiyo kuiacha mbingu, akayaacha matawi, akaliacha kanisa, ili majeneza na majani na watu wabaki peke yao bila kitu cha kuwapunguzia. Kwangu mimi hizo ndizo picha bora kuliko zote zilizotoka katika njia ile, za mmoja na za mwingine, na zimekuwa bora kwa sababu mtu mmoja alizichora akiwa na macho ya watu wawili.

Gauguin naye, aliyekuwa mgumu wa kusifu, alizitundika chumbani mwake, akamwandikia Bernard kwamba angezipenda.

Siku zilizofuata jambo hilo likajirudia nje ya Alyscamps. Jioni moja ya mwanzo wa Novemba, mvua ikiwa imekatika na jua likizama, walipita karibu na shamba la mizabibu lililokuwa jekundu lote kwa majani yake; Vincent akarudi nyumbani akalichora jinsi lilivyowaka, lina wachumaji waliojaa tele na jua limetanda juu ya maji ya njiani, na picha hiyo ndiyo iliyonunuliwa na mchoraji wa Kibelgiji Anna Boch mwaka 1890 kwa faranga 400. Gauguin alilichora shamba hilo hilo akaweka mbele yake mwanamke maskini aliyekaa ameshika mashavu, amekata tamaa, na nyuma yake wanawake waliovaa nguo za Bretagne, nchi iliyo upande wa pili wa Ufaransa. Akakiri wazi kwamba usahihi haukumhusu. Huyo ndiye Gauguin: shamba kwake lilikuwa ni huzuni iliyotafuta mahali pa kukaa, na kama nguo za Bretagne ziliifaa huzuni hiyo kuliko za Arles, basi nguo na zihame.

Katikati ya Novemba mvua na baridi viliwafungia nyumbani, na hapo tofauti ambayo nje ilikuwa neema ikageuka kuwa ugomvi ndani. Gauguin alimhimiza mwenziwe achore kwa kukumbuka, bila kuwa na kitu mbele yake; Vincent akajaribu kwa utiifu, akachora bustani ya nyumbani kwao Etten, na mama mtu akiwa ndani yake, lakini mkono wake ulikuwa mzito katika kazi hiyo, na mwaka uliofuata alimwandikia Bernard kwamba njia ile aliiona kwanza kuwa ya kupendeza kama nchi ya uchawi, kisha mtu akajikuta ameufikia ukuta. Walibishana juu ya mabwana wa sanaa vile vile, kila mmoja akiwapenda ambao mwingine hakuwavumilia: Gauguin na Raphael wake, na Ingres, na Degas, Vincent na Daubigny wake, na Théodore Rousseau, na wachoraji wote walioinama juu ya ardhi kwa mapenzi. Yaliyotokea usiku wa tarehe 23 Desemba, Vincent alipojikata sikio kwa wembe, yanajulikana na kila mtu, hata na wale ambao hawajapata kuiona picha moja ya Vincent, nami nasikitika kwamba habari ya usiku mmoja imefunika habari ya miezi miwili. Gauguin aliondoka kwenda Paris. Hawakuonana tena uso kwa uso, ingawa barua ziliendelea, na Vincent alifariki tarehe 29 Julai 1890, naye Gauguin akafuata mwaka 1903, katika visiwa vya Marquesas, mbali na kila kitu alichozaliwa nacho.

Naona watu wakisoma habari zao hutaka kujua ni nani aliyekuwa na haki. Swali hilo lingekuwa na maana kama picha ya mandhari ingekuwa ni ramani. Mpimaji ardhi akienda Alyscamps leo na mwingine akienda kesho, vipimo vyao vikatofautiana, lazima mmoja amekosea. Lakini mashahidi wawili wa jambo moja, wote wakiwa wakweli, hawasemi maneno yale yale, na kadhi mwenye busara husikiliza zaidi pale wanapohitilafiana, kwa kuwa wakilingana neno kwa neno atashuku kwamba wamefundishana. Gauguin na Vincent hawakufundishana maneno. Walifundishana namna ya kusimama, na aina ya kitambaa, na ujasiri wa kukata mti mahali ambapo picha inahitaji ukatwe. Kisha kila mmoja akasema lililokuwa lake. Aliyezoea kutazama picha kwa kuuliza ni nini kilichomo, na azirudie hizi sita za Alyscamps akiuliza ni nini kilichoachwa, na kwa nini kiliachwa na huyu kikachukuliwa na yule. Mabomba ya moshi ya Vincent yatakuwa makubwa machoni mwake, na makaburi ambayo Gauguin hakuyachora yataanza kuonekana chini ya nyasi za ukingo wa mfereji.

Nasema sita kwa sababu Vincent alichora nne, na Gauguin alichora nyingine zaidi ya ile ya Orsay, akishika njia yenyewe safari hii badala ya mfereji. Picha hiyo ya pili ya Gauguin ilisafiri mbali kuliko nduguze. Imo leo katika jumba la Sompo, mjini Tokyo, Japani, na katika jumba hilo hilo zimo alizeti za Vincent alizozichora katika siku zile za kukaa pamoja, juu ya kipande cha juti kilichokatwa kutoka katika zile mita 20. Rangi ya manjano imepakwa nene kama alivyozoea. Chini yake ziko nyuzi za gunia ambalo Gauguin alilinunua.